Saileji na Dawa ya Kupe

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo pale mjini kutafuta mbegu za sukuma wiki, na kabla sijafika kaunta nikageuka nikatoka. Kijana muuzaji akaniita, "Mathe, kuna shida?" Nikamwambia nimesahau kitu kwa gari, na gari sina. Kilichonitoa ni harufu. Labda kulikuwa na chupa ya dawa ya kupe iliyovuja kwenye rafu, sijui, maana sikungoja kuona. Nilisimama nje karibu na vijana wa boda boda nikajipangusa macho na leso, mtu mzima na mkoba wake begani, wao wakijifanya hawanioni. Wewe uliyekulia penye ng'ombe unaijua harufu hiyo, ile inayokwaruza koo na kukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Pengine kwako ni harufu ya nyumbani. Mimi inanikumbusha paka mmoja, na jambo ambalo sikuwahi kumwambia Baba.

Tuliishi Kapseret, karibu na uwanja wa ndege, kwenye shamba la mjane mmoja tuliyemwita Mama Chebet. Baba alikuwa mfanyakazi wake. Alikamua, alikata majani, alipeleka maziwa barabarani kila asubuhi, na jioni akaanza tena. Mama yangu mzazi alibaki nyumbani upande wa Bungoma na wadogo zangu, mimi nikaletwa kwa Baba kwa sababu ilisemekana shule za huku zilikuwa nzuri. Tulilala chumba kimoja cha mbao nyuma ya boma la ng'ombe. Ndege zikishuka uwanjani zilipita juu ya bati letu kwa kishindo, na ng'ombe hata shingo hawakuinua.

Nilipewa jina la marehemu mama yake Baba, Nafula, kwa hivyo kama ilivyo desturi ya kwetu, yeye hakuniita kwa jina. Aliniita Mama. "Mama, leta ndoo." "Mama, umekula?" Watoto wa shule walinicheka, eti mtu mzima ananyoa ndevu na bado anamwita mtoto mama. Nilijifanya nakasirika, kumbe nilijivuna. Lakini usidhani nilikuwa mtoto mwenye furaha. Nilimkosa mama yangu, na Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amechoka tu, kila siku.

Mwezi wa nane ndipo tulipompata paka. Wale mnaofuga mnajua kazi ya kutengeneza saileji, chakula cha ng'ombe cha kiangazi: mahindi yanakatwa yakiwa bado mabichi, yanasagwa na mashine, yanamwagwa kwenye shimo refu, kisha trekta inapita juu yake, mbele na nyuma, mpaka yashindiliwe na hewa itoke. Hewa ikibaki, yote yanaoza. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa shimo nikitazama trekta ikirudi nyuma, nikasikia kitu kinalia humo ndani. Kilio chembamba sana. Nikapiga kelele, lakini nani angenisikia na injini ile?

Baba hakunisikia. Aliniona mdomo tu. Akaruka ndani ya shimo, akasimama nyuma ya trekta ameinua mikono miwili juu. Dereva alifunga breki gurudumu likiwa hatua mbili kutoka kwa magoti yake. "Wewe mzee, unataka nifungwe kwa sababu yako?" dereva akafoka. Baba hakumjibu. Alipiga magoti akaanza kuchimbua mahindi kwa mikono, nami nikimwonyesha kutoka juu, hapo, hapana, hapo, mpaka akatoa kitu cha rangi ya jivu kinachoenea kiganjani, macho yamegandana kwa utomvu. Akanipa.

"Shika mtoto wako," akasema, akarudi kwa uma wake wa kusambazia mahindi.

Jina likajileta lenyewe. Saileji. Baba akalikata likawa Sai.

Mama Chebet alipomwona alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Baba Nafula, hiyo paka ni ya nani?"

"Bado haina mwenyewe, Mama. Tumeitoa kwa shimo."

"Sawa. Lakini isiingie kwa chumba ya maziwa. Siku nitaona kiroboto moja kwa maziwa yangu, hiyo paka inaenda."

Hakuwa mtu mbaya. Maziwa yake yalikuwa yamewahi kurudishwa kwa sababu ya uchafu, na tangu hapo aliogopa hata nzi. Mimi lakini nilishika neno lile moja, kwamba Sai hana mwenyewe, nikalala nalo.

Sai alilala shingoni mwangu, chini ya blanketi, pua yake baridi sikioni. Alfajiri alimfuata Baba kwenye kukamua, akaketi kando ya kigoda akiwa ameinua kichwa, na Baba, yule yule asiyekuwa na maneno, alikuwa akigeuza chuchu ya ng'ombe na kumrushia maziwa moja kwa moja mdomoni. Wakati mwingine alikosa shabaha makusudi, yakampata puani, akapiga chafya. Hapo ndipo nilipomsikia Baba akicheka. Nilipotoka shule Sai alikuwa amekaa juu ya nguzo ya lango, na nilimwambia kila kitu: nani alinisukuma, nani alinicheka, Mama yangu alisema nini kwenye simu. Nilimpenda kwa nguvu zisizolingana na ukubwa wake. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia mambo hayo.

Mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa, mahindi yalivunwa, stoo ikajaa, na panya wakaja. Sai alikuwa amekua, lakini kwa kunenepeshwa na maziwa. Panya wa stoo ile aliwatazama tu, nao wakampita kama mpangaji mwenzao. Mama Chebet akaleta sumu kutoka mjini. Nililia siku nzima. Baba akanishika mkono akanipeleka stoo nione mwenyewe. Alikuwa ameiweka ndani ya mkebe, juu kabisa kwenye mbao za paa, na mlango akaufunga kwa waya.

"Sai hafiki hapo, Mama," akaniambia. "Nakuahidi."

Sasa nifike kwa Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya kupiga ng'ombe dawa ya kupe. Baba aliwaingiza mmoja mmoja kwenye kile kijia chembamba cha mbao ambamo ng'ombe hawezi kugeuka, akabeba pampu mgongoni, akaanza: masikio kwanza, shingo, mgongo, chini ya tumbo, halafu ananyanyua mkia na kupiga hapo pia. Alifanya kwa upole wa ajabu. Alizungumza nao kuliko alivyozungumza nami. Siku moja nilimwuliza kwa nini hachoki, akaniambia, "Ng'ombe ambaye hapigwi dawa ni ng'ombe hana mwenyewe. Angalia zile za barabarani, kupe zimejaa kwa masikio. Hakuna mtu anazipenda."

Aliniambia jambo jingine pia, na hilo alilirudia kila Alhamisi: nisiguse dawa ile, hata tone. Shamba la jirani kulikuwa na mfanyakazi ambaye mtoto wake alichezea dawa akalazwa, na wiki hiyo hiyo mwenye shamba alimwambia yule baba achukue mtoto wake na vitu vyake aende. Tuliwaona wakipita na godoro kwenye pikipiki.

Jumatano moja mwezi ule, Mama Chebet alimkuta Sai amelala kwenye dirisha la chumba cha maziwa, akijikuna. Alimtupia kandambili. "Baba Nafula, hii kitu iko na viroboto. Ijumaa nikija hapa asubuhi nisiione." Baba akasema sawa, Mama. Nilimtazama nikingoja amtetee, akachukua ndoo zake akaondoka. Usiku ule nilimpapasa Sai nikakuta kupe wawili nyuma ya sikio, wamevimba, na nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati huo, shida ilikuwa wapi. Paka wetu alikuwa hajapigwa dawa. Ndiyo maana watu walimwona hana mwenyewe.

Alhamisi Baba alipomaliza, aliacha dawa kidogo ndani ya ndoo ya kuchanganyia, akawapeleka ng'ombe malishoni. Ile iliyobaki alikuwa akiimwaga kwenye shimo la taka akirudi. Nilichukua kreti mbili za soda nikazipanga ukutani zikaacha kijia chembamba, nikamwingiza Sai. Nikalowesha kitambaa. Masikio kwanza, shingo, mgongo, chini ya tumbo, nikanyanyua mkia na kupaka hapo pia. Nilizungumza naye kwa sauti ya Baba. Alinikwaruza mkono nikamvumilia, maana hata ng'ombe hupiga teke. Kisha nikamtoa juani akauke, nikajitazama nikajiona mkubwa. Alikaa palepale, akaanza kujilamba, mguu, kifua, tumbo, taratibu, hakuacha mahali. Nilimwona. Niliketi kando yake nikamwona akijilamba na nikafurahi kwamba anajisafisha.

Ng'ombe hawezi kujilamba mwili mzima. Jambo hilo dogo sikulijua.

Kabla ya saa nane alianza kutoa mate. Mara ya kwanza nilimpangusa kwa gauni langu. Kisha miguu ya nyuma ikakataa kumbeba, akawa anatembea akianguka upande, anainuka, anaanguka. Kisha akatetemeka. Nilimbeba nikakimbia malishoni nikilia kwa sauti ambayo sijawahi kulia tena, hata kwenye misiba, na nilipomfikia Baba nilikuwa na neno moja tu tayari.

"Ni sumu yako," nikamwambia. "Uliniahidi. Uliniahidi na umemuua."

Naapa niliamini hivyo. Kati ya dawa na sumu kulikuwa na ukuta kichwani mwangu. Dawa ilikuwa ya kuponya, sumu ilikuwa ya kuua, na sumu ilikuwa ya Baba. Alinitazama, akamtazama paka, na uso wake ukamshuka. Akaacha ng'ombe malishoni bila mtu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakimbia mbele yangu hadi stoo. Waya ulikuwa umefungwa. Mkebe ulikuwa juu. Lakini aliposhusha mkebe sumu ilikuwa imeliwa nusu, na akasema polepole, "Panya amekula akatoka nje. Sai amekula panya."

Yule paka hakuwahi kula panya maishani mwake. Sote wawili tulijua.

Baba alimpa maziwa, kama watu wanavyofanya kwa sumu. Alimfungua taya kwa kidole na kumtilia kijiko kwa kijiko, na maziwa yakarudi nje yamechanganyika na povu. Akajaribu mafuta ya kupikia. Akajaribu maziwa tena. Mikono yake, iliyoweza kuvuta ndama kutoka tumboni mwa mamaye, ilishindwa kumfanya paka mdogo ameze. Mimi nilisimama nyuma yake nikirudia, "Fanya kitu, Baba. Fanya kitu." Nilikuwa namchukia wakati ule, na ninaandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Kama saa kumi, daktari wa ng'ombe alifika kwa pikipiki. Mama Chebet alikuwa amemwita kwa ajili ya ng'ombe mmoja aliyekuwa kwenye joto, wa kupandishwa mbegu. Baba alimkimbilia kabla hajavua kofia. Daktari akacheka kidogo. "Baba Nafula, mimi nimekuja kupandisha ng'ombe, sasa unaniletea paka?" Lakini alipomwona Sai aliacha kucheka, akachuchumaa, akamfungua jicho, akashika miguu.

"Imekula nini?"

"Sumu ya panya, Daktari. Ni mimi niliweka."

Daktari akanusa vidole vyake. Vilikuwa vya mtu aliyeshika mifugo siku nzima, na boma lote Alhamisi hunuka dawa, kwa hivyo sijui kama alinusa chochote. Akauliza, "Hamjaipaka kitu kwa ngozi? Dawa ya kupe, ama kitu kama hiyo? Kuna mtu juzi alipigia paka dawa ya ng'ombe, ikajilamba, ikakuwa hivi hivi. Paka si ng'ombe, hiyo dawa inaimaliza. Lakini hiyo ukijua mapema unaosha na sabuni na maji ya moto kidogo, unaikausha, inaweza pona. Ya tumboni ndiyo ngumu."

Akaniangalia. Hakuniangalia kwa kunishuku. Nilikuwa tu mtoto aliyesimama pale.

Hapo ukuta ule ukaanguka. Nilielewa kila kitu mara moja. Nilikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno fupi: nimempaka. Nikaona godoro kwenye pikipiki. Nikamwona Mama Chebet akitoka nyumbani, anakuja kutusalimia. Nikamwaza Baba barabarani na sufuria zetu, na Sai, tukifukuzwa, nani angemwosha? Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa naficha maradhi ya mwingine.

"Hapana, Daktari," Baba akajibu kwa niaba yetu sote. "Hakuna mtu anagusa dawa hapa isipokuwa mimi. Huyu mtoto hawezi."

Alisema kwa fahari. Alikuwa ananisifu.

Walipoenda kwa ng'ombe, nilimfunga Sai kwa sweta ya shule nikampeleka nyuma ya tangi. Maji ya moto yalihitaji kuni, na moshi ungeonekana. Nikatumia maji ya tangi, na yeyote aliyekaa Kapseret anajua ubaridi wa maji yale. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Nilimsugua kama nguo. Masikio, shingo, mgongo, tumbo. Povu likawa la kijivu na harufu ikapanda, ile ile, na nilisugua zaidi, nikamwambia Mungu kwamba akimponya nitasema ukweli jioni hiyo, kisha nikapunguza nikamwambia nitausema kesho. Sai alikuwa amesinyaa kwa kulowa mpaka akarudi kuwa mdogo kama siku ya shimo. Alinyooka, akalegea, akanyooka. Nilimkausha kwa sweta, kwa gauni, kwa nywele zangu. Nilimpulizia pumzi usoni. Alipolegea mara ya mwisho bado nilikuwa nasugua, na sikujua ni kwa muda gani nilikuwa nimesugua paka aliyekwisha kufa.

Baba alitukuta pale. Aliona maji, aliona sabuni, aliona midomo yangu imekuwa ya bluu kwa baridi. Ukweli wote ulikuwa umeanikwa mbele yake, alichohitaji ni kuuliza.

"Ulikuwa unampoza," akasema. "Alikuwa na joto, sivyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alikufa, Baba, mwaka jana, nyumbani Bungoma, kwa ugonjwa wa figo uliochukua muda mrefu. Nilikaa naye siku nyingi. Kulikuwa na mchana mzima mzima ambapo tulikuwa wawili tu, yeye macho, mimi nikimmenyea chungwa, na nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini na neno lile lile mdomoni. Hakuwahi kufuga paka tena. Wajukuu walipomletea mmoja alisema hapana, yeye hana mkono mzuri wa paka, na nikaendelea kumenya chungwa. Nimejitetea kwa kila njia. Nimesema nilikuwa mtoto. Nimesema paka ni paka tu. Huwa nikifika hapo najionea haya.

Jioni ile ya Alhamisi tulimzika Sai nyuma ya boma, kabla ya kukamua. Ng'ombe walikuwa wameshaanza kulia kwa kujaa maziwa na Baba hakuwajali. Alichimba kwa jembe, shimo la kina kirefu kuliko paka anavyohitaji, akamlaza humo na sweta yangu ya shule, sweta pekee niliyokuwa nayo, akafukia kwa mikono. Alipomaliza hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, udongo kwenye vidole, kichwa chake usawa wa changu.

Mwanaume wa kwetu hamwombi mtoto radhi. Sijawahi kumsikia akimwomba mama yangu. Aliitazama ile ardhi akasema, "Nisamehe, Mama. Nilikuahidi, na nikashindwa."

Nilingoja mdomo wangu useme. Niliungoja kweli. Ng'ombe walilia, na Mama Chebet akaita kutoka mlangoni, "Baba Nafula, maziwa," na Baba hakugeuka. Alikuwa ananingoja mimi.

"Nimekusamehe, Baba," nikamwambia.

Akafunga macho. Akashika mkono wangu, ule uliopaka dawa, akauweka kwenye shavu lake.

"Asante," akasema. "Asante, Mama."